Lusangi, Pale Nilipoacha Peupe

Zaituni, mama yangu,

Ninakuandikia nikiwa chumbani, na wewe uko uani hapo hapo, ukuta mmoja tu kati yetu. Nakusikia ukifunga na kufungua mizigo kwenye pikipiki yako, na mama yako anakuambia kamba hiyo haifai. Ningeweza kuinuka nikaja kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili tangu swala ya alasiri. Mara ya kwanza nikakuomba maji ya kunywa. Mara ya pili nikakuuliza kama umepima upepo wa matairi, na matairi hayo nilikuwa nimeyapima mwenyewe asubuhi. Basi nimeona niandike.

Sitakuambia habari za kula, kulala na kuswali kwa wakati. Mama yako amekwisha kuyasema yote, na yaliyobaki atayasema kesho wewe ukiwa umeshakaa juu ya pikipiki. Wala sitakufundisha umeme. Kazi hiyo umeisomea Kindu, na mimi ni fundi wa baiskeli mwenye mgongo mbovu. Ninachotaka kukuambia ni juu ya ile ramani niliyokuchorea nyuma ya kalenda. Ina uongo ndani yake, na uongo huo unaweza kukulaza porini.

Ulipokuja na habari kwamba umepata kazi ya kufunga sola kule Kabambare, nilidhani utakwenda kama watu wote, nyuma ya pikipiki ya mtu, umekumbatia begi. Ukasema hapana. Utakwenda na pikipiki yako ya umeme, polepole, kwa siku tatu, na utapitia Wamaza hata kama inakuzungusha, kwa sababu unataka kuiona njia. Vijana wa pikipiki pale sokoni walicheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja akakuuliza, "Zaituni, betri ikikwisha kule, utachomeka waya yako mu muti gani?" Nawe ukamjibu bila kukasirika, "Mi nitachomeka kwa watu." Nilikuwa naziba pancha, nikainamisha kichwa nisionekane ninavyocheka. Niliona fahari sana siku ile, na sikukuambia. Nakuambia sasa.

Kisha ukaja na daftari lako na kalamu mbili. Ukaniuliza ni wapi kuna paneli: parokia gani, msikiti gani, duka gani linalochaji simu za watu. Nikakutajia. Ukaniuliza milima iko wapi, mchanga uko wapi, tope linakaa wapi mvua ikianza. Hayo ninayajua hata nikifumba macho, maana nililiendesha lori kwenye njia ile mpaka uti wa mgongo ukanikataa. Halafu ukaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Papa, ni wapi pazuri pa kusimama na kutazama?"

Mimi nilikuwa shofere wa lori, mama. Najua mahali pa kutosimama. Najua kona ambapo ukisimama hutaondoka tena, na vizuizi ambapo ukisimama watakushusha mzigo wote. Njia nzima niliijua kwa mashimo yake. Nikakuambia kwamba kote ni sawasawa, nawe ukanitazama kidogo, ukaandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Nikamaliza kuchora, ukaishika kalenda kwa mikono miwili, ukaweka kidole katikati.

"Papa, hapa umeacha peupe. Lusangi hakuna mutu iko na sola?"

"Hakuna," nikakuambia. "Pita tu."

Ukahesabu. Ukasema betri ikitoka hapa Kasongo imejaa inaweza kuruka Lusangi na kukufikisha kwenye ile shule ya kanisa niliyokuonyesha mbele, mradi njia iwe kavu. Ulisema mwenyewe, mradi iwe kavu. Nami nilikuwa nimesikia mvua ya kwanza ikigonga bati usiku uliotangulia, na ninaujua ule mlima wa baada ya Lusangi. Udongo wake mwekundu ukilowa, gurudumu linazunguka mahali pamoja na nguvu zote zinaishia kwenye tope. Mafuta yanakwisha pale, betri itakwisha vilevile. Nilijua, nikanyamaza, ukakunja ramani.

Siku nne nimekuwa nikiitazama ile ramani juu ya mzigo wako.

Lusangi kuna sola. Kuna nyumba upande wa kulia ukiingia, yenye paneli nane juu ya bati, na soko lote linachaji simu pale. Watu wanaokuja kutoka huko kutengenezewa baiskeli zao wananiambia mwenye nyumba ana hata friji. Ni nyumba ya yaya wangu, Ramazani, baba yako mkubwa. Jina lake unalijua kwa sababu nalitaja kwenye dua. Sura yake huenda umeisahau, ulikuwa darasa la pili ulipomwona mwisho. Umewahi kuniuliza kwa nini hatuendi kwake, nami nikakujibu kwamba njia ni mbaya. Sasa sikiliza.

Unajua desturi ya kwetu. Mtu akifa, watu hukata matawi ya mchikichi wakayapanga kando ya barabara, ili anayepita apunguze mwendo, honi inyamaze, na anayeweza ashuke atoe pole. Na shofere gari likimharibikia kwenye kona, naye hukata matawi akayaweka nyuma yake, ili anayekuja asimgonge. Anayetembea kwa miguu hawezi kuyachanganya hayo mawili. Matawi ya gari ni majani yoyote yaliyokuwa karibu, yametupwa ovyo. Ya msiba ni ya mchikichi, yamepangwa pande mbili kwa heshima. Mtoto wa miaka mitano anajua tofauti.

Mimi niliyachanganya. Nilikuwa natoka Kabambare na mzigo wa karanga, baada ya wiki nzima kule bila simu kushika. Nyuma yangu kulikuwa na wingu jeusi, na mbele yangu kulikuwa na lile daraja la magogo la kabla ya Kasongo, ambalo mvua kubwa ikinyesha hulifunika. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye daraja. Kwenye kona ya kuingia Lusangi nikaona matawi. Nikasema moyoni, mwenzetu amekwama, nikisimama ataomba jeki, na jeki itanila saa nzima. Nikakata usukani, nikayapita. Nilisikia yakivunjika chini ya gurudumu.

Mbele kidogo ni nyumbani, pale pale kwa yaya, ambapo koko yako, mama yangu, aliishi. Yule unayebeba jina lake. Uani kulikuwa na watu wengi. Nikafikiri wanangoja lori la kuwabeba na mizigo yao, maana siku za soko hukaa hivyo, nikasema leo sina nafasi. Nikapiga honi mara tatu, kama nilivyopiga siku zote nikiwa na haraka. Ilikuwa salamu yetu. Mama alizoea kutoka mlangoni akapunga kitenge, nami nikaenda zangu nimeridhika kwamba nimemsalimia mama yangu. Siku ile sikutazama hata kama ametoka.

Daraja nililikuta zima. Mvua haikunyesha. Lile wingu liligeuka likaenda kwingine, na karanga za watu zikafika kavu kabisa.

Nilipofika hapa nyumbani nikamkuta mama yako ameketi kwenye mkeka nje, na wanawake wa jirani wamemzunguka. Habari ilikuwa imemfikia asubuhi kwa mtu wa pikipiki, naye alijua natoka upande ule, akaamini kwamba nimeikuta njiani. Akainua uso akaniuliza:

"Mumemuzika tayari?"

Nikasema, "Nani?"

Sitaandika zaidi juu ya jioni ile. Muulize mama yako siku moja, mimi siwezi.

Nilirudi Lusangi alfajiri. Yaya alikuwa ameketi barazani, hakusimama kunipokea. Aliniambia mambo mawili, kwa sauti ya chini, na mimi nimeyabeba mpaka leo. La kwanza, kwamba walikuwa wamechelewesha maziko kwa ajili yangu. Watu walikuwa wanamsukuma, wakisema maiti haikai, naye akasikia honi. Akawaambia, "Ngojeni, mudogo wangu amefika." Wakangoja. Baadaye akashuka kaburini yeye mwenyewe kumpokea mama, akaacha nafasi ya mtu wa pili kando yake, akainua kichwa kutazama. Jirani akashuka mahali pangu.

La pili lilikuwa hili: "We ulipita, Saidi. Nilisikia klaksoni yako mara tatu. Basi, endelea kupita."

Nami nikaendelea kupita. Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo, Zaituni, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Kuyapita yale matawi ni kosa la siku moja, la mtu mwenye haraka na wingu nyuma yake. Mungu aliona kwamba sikujua, na nadhani hata yaya, ndani kabisa, alijua kwamba sikujua. Lakini neno alilolisema mtu aliyetoka kumzika mama yake jana, mimi nililichukua kuwa amri. Nililitii vizuri sana! Arobaini ikafika, sikwenda. Nilituma mchele. Nikaacha kupiga honi Lusangi, halafu nikaanza kuomba safari za Kindu ili nisipite upande ule, halafu mgongo ukauma na nikafurahi, unasikia, nilifurahi kuacha lori kwa sababu sasa nilikuwa na sababu ya watu kuelewa. Ningekwenda nikakaa kwenye ile baraza siku tatu bila kusema neno, angenitukana mpaka akachoka, tukala pamoja. Niliogopa hizo siku tatu. Badala yake nikapata miaka hii yote.

Nimechoka nayo. Si kazi iliyonichosha, wala si mgongo, ingawa ndio ninaoulalamikia kila siku. Kuzunguka kitu kimoja bila kukigusa kunachosha kuliko kupakua lori.

Na yeye alijaribu, ujue. Kabla ya Ramadhani iliyopita alikuja mfanyabiashara wa Lusangi, baiskeli yake imevunjika spoki. Nikiwa nainyoosha rimu, akasema kama mtu anayejizungumzia tu, "Yaya yako aliuliza kama ule mugongo iko bado inakuuma." Sentensi moja tu ilihitajika. Ningesema inauma, mwambie inauma, mwambie aje au nije. Nikajibu, "Iko muzuri," nikaendelea na spoki. Yule mtu akasubiri kidogo, akaona sina la kuongeza, akaondoka. Mpaka leo namwona akisukuma ile baiskeli kuelekea barabarani, na mimi nimekaa kwenye kigoda na koleo mkononi.

Kwa hiyo uliponiuliza juu ya Lusangi nikasema hakuna, pita tu, ulikuwa mdomo uliozoea. Ila safari hii ningekupitisha wewe juu ya matawi yangu. Ungekwama kwenye ule mlima na giza linaingia, betri imekwisha, na nyumba yenye paneli nane ya baba yako mkubwa iko nyuma yako, umeipita kwa sababu baba yako aliona haya. Siku nne nilijiambia labda njia itakauka. Leo mchana mvua imenyesha tena, umeona mwenyewe. Nisamehe.

Pikipiki yako imenifundisha kitu, na wewe hukukusudia kunifundisha. Mimi nilipanga safari zangu zote kwa saa na kwa mapipa ya mafuta. Nikiwa na pipa nyuma sikumhitaji mtu yeyote kati ya Kasongo na Kabambare, na niliona huo ndio uzuri wa kazi. Wewe huwezi kusafiri hivyo. Kila baada ya masaa machache lazima ubishe mlango wa mtu, umsalimie, umweleze unatoka wapi, ukae mpaka betri ijae. Nilipoona orodha yako ya vituo nilikuhurumia. Sasa nakuonea wivu.

Na lile swali lako lingine nimepata jibu, la mahali pazuri. Kuna moja. Ukitoka Lusangi, juu kabisa ya ule mlima mbaya, kuna jiwe pana upande wa kushoto. Mwaka mmoja nilimbeba mama yangu kwenye lori kumpeleka harusini Wamaza, na radieta ikachemka pale. Nilitoka nikiwa nalaani injini. Yeye akashuka polepole, akaenda kuketi juu ya jiwe na mikono mapajani. Chini yake kulikuwa na bonde lote, mashamba ya mihogo, moshi wa nyumba zinazopika, na mto unaonekana vipande vipande kati ya miti. Alisema neno la Kibangubangu ambalo siwezi kulileta vizuri kwa Kiswahili. Ni kama kusema umeshiba, lakini si tumbo. Maji yalipopoa nikamwita. Akasema, "Ngoja kidogo, Saidi." Nikapiga honi.

Basi wewe ukifika pale ukae. Betri itakuwa imejaa kutoka kwa baba yako mkubwa, hutakuwa na haraka. Kaa mpaka uchoke, kaa na sehemu yangu pia.

Nimeichukua ramani kutoka kwenye mzigo wako ulipokwenda kuoga, na pale peupe nimejaza kwa kalamu nyekundu. Nimechora kona, nimechora nyumba, hata baraza. Bahasha hii nitakupa mkononi kabla ya magharibi ili uhesabu betri upya leo. Ukimaliza kusoma usinijie na maswali. Nipe mpaka asubuhi.

Sijui atakupokeaje. Ningependa kukuambia kwamba atakukumbatia, ila nimeshakudanganya vya kutosha wiki hii. Akikataa, nenda msikitini, mwambie imamu wewe ni mjukuu wa Zaituni, utapata pa kulala. Lakini bisha kwa yaya kwanza.

Usiniombee msamaha kwake. Huo ni mzigo wangu, na pikipiki yako imejaa. Mwambie unahitaji umeme na pa kulala, na kwamba mimi ndimi niliyekutuma. Na mwambie Saidi anakuja Ijumaa. Nimekwisha kupanga na mtu wa kunibeba, tutakwenda polepole kwa ajili ya mgongo, tutasimama kila mahali. Nilipomwambia mama yako mchana, aliacha kuchambua mchele akanitazama muda mrefu. "Leo njo unasema?" akaniuliza. Nikamjibu ndiyo, leo ndipo nasema. Akarudi kwenye mchele wake, lakini nimemwona akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Ukiikaribia ile kona, shuka, usukume kwa mikono. Pikipiki yako haina sauti, hatasikia kitu, atakuona tu umefika uani kwake. Atauliza wewe ni nani. Mwambie ni Zaituni, mtoto wa Saidi, na kwamba umesimama.

Mimi baba yako.